Kistari

Herufi haikuniumiza. Herufi ni nzuri,
imenawiri, ina vitambi viwili.
Ni kistari kilichoketi kando yake,
kifupi kuliko ukucha wa kidole cha mwisho.
B ya kutoa, Hisabati,
na chuo kinataka B isiyo na mkia
ndipo wanifunze kuchora majengo.

Kwa hivyo wamenipa Sayansi ya Udongo.
Mjomba Simiyu alicheka kwenye simu:
"Hata ghorofa huanza na udongo, Nasambu!"
Sikucheka. Salio lake likaisha, Mungu ni mwema.

Hapa Kariobangi, Januari ni mwezi wa sketi.
Mama hajalala vizuri tangu mwaka mpya,
kitambaa cha kijani kimetapakaa hadi kitandani,
tunakula ugali wenye nyuzi.
Kusahihishiwa upya ni elfu tatu mia tano.
Hakuniuliza kama nina hakika.
Aliukata uzi kwa meno, akapiga hesabu kwa sauti:
"Mia mbili hamsini, mia mbili hamsini...
sketi kumi na nne."
Alimaliza kabla yangu.

Bi. Nyaboke, aliyetufunza, amewahi kusahihisha.
Anasema ukumbi huwa baridi,
anasema ukifika karatasi ya mia tatu
saba huanza kufanana na moja,
"lakini yuko wa kukagua, na wa kumkagua mkaguzi."
Akanyamaza kidogo.
"Na alama hushuka pia. Usisahau."
Hakusema niende. Hakusema nisiende.
Walimu ni hodari wa kuacha nafasi, ujaze mwenyewe.

Sasa nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu.
Swali la kumi na tisa, grafu.
Mkunjo wangu wa kwanza ulikataa kupita kwenye nukta zake.
Nikachora wa pili, mwembamba, mtiifu,
dakika mbili zimebaki,
msimamizi akipita na viatu vinavyolia.
Je, ule wa kwanza niliufuta?
Usiku naufuta. Naliona vumbi la kifutio,
najiona nikilipuliza.
Asubuhi mikunjo yote miwili iko palepale
na mtu asiyenijua, mwenye kalamu nyekundu,
ananiuliza: upi wako?

Ndiyo maana siwezi kuandika "nilidhulumiwa".
Barua nimeiandika mara tatu.
Ya kwanza ilikuwa na hasira, tena na makosa ya tahajia.
Ya pili ilipiga magoti.
Ya tatu ina mstari mmoja:
Naomba karatasi yangu iangaliwe tena.
Mwalimu mkuu ataigonga muhuri Ijumaa kabla ya saa kumi,
au hataigonga, nisipofika.

Na kistari kikibaki pale pale?
Na B yenyewe ikiporomoka,
hata udongo ukaniponyoka?

Stima imepotea ploti nzima.
Kuna mtu ghorofa ya chini anailaani tokeni
kana kwamba ina masikio.
Mama amewasha taa ya simu,
ameiegemeza kwenye kopo la vifungo.
"Zimebaki tano," anasema, hajainua kichwa.
"Pindo unaweza?"

Naweza. Nimevuta stuli.
Sindano inazama, inaibuka, inazama,
na juu ya kijani, kwa uzi mweupe wa kushikiza
ambao kesho utafumuliwa,

kistari,
nafasi,
kistari.